Kanda ya Thelathini

Kabla sijagonga mlango nilisikia gitaa. Lilikuwa letu: mkwaruzo wa kwanza wa wimbo wa kwanza wa albamu yetu ya kwanza. Ukakatwa. Kimya. Ukaanza tena, ukakatwa tena. Mara ya tatu, mara ya nne, mkwaruzo uleule, kama mtu anayejikwaa kwenye ngazi moja na hajifunzi. Nikadhani redio ya shemeji imeharibika. Nikahamisha mfuko wa sukari na sabuni mkono wa kushoto, nikabisha hodi.

"Pita, hapajafungwa."

Alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Cherehani yake ilikuwa imesimama, shati la mteja limebanwa chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Mbele yake kulikuwa na redio na albamu zetu tatu zimetolewa kwenye makasha.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Nzima. Natafuta anapohesabu."

Nikajua mara moja anachotafuta, na nikajua hatakipata.

Kaka yangu alikuwa seremala. Bendi yetu ilizaliwa kwenye karakana yake, tukaiita Misumari, na kila wimbo, mazoezini na jukwaani, ulianza kwa yeye kugonga kisigino sakafuni na kuhesabu kwa namna yake: "Pima, pima, pima, kata!" Hapo kwenye "kata" ngoma na magitaa yote yaliingia pamoja. Wasikilizaji wetu, nao hawakuwa wengi, waliipenda kuliko nyimbo zenyewe.

"Hayupo, shemeji," nikasema.

"Hayupo vipi? Albamu tatu, nyimbo thelathini na tatu, na mume wangu hana hata neno moja?"

"Gitaa lake lipo."

"Mimi sikuolewa na gitaa." Akaizima redio. "Nani alimtoa?"

"Mimi. Nilikuwa nasafisha rekodi. Wimbo unatakiwa uanze kama wimbo, si kama watu wanaohamisha kabati."

"Ulisafisha," akasema polepole. "Kwa hiyo alikuwa uchafu."

Nikainama nikaokota kasha la albamu. Mimi niliyekuwa na jibu kwa kila mtu, kwa watangazaji, kwa wenye kumbi, kwa bwana wa kampuni ya muziki aliyetaka tulainishe magitaa, nikamrudishia karatasi yake ya mkataba mbele ya watu na kumwambia akafungie maandazi. Bendi nzima ilinipigia makofi siku ile. Kaka peke yake aliniambia, "Umesema vizuri. Sasa tubebe spika zetu, maana gari halina mafuta."

"Uso wake naukumbuka," shemeji akasema, "picha ziko ukutani. Sauti ndiyo inayoondoka. Juzi mtoto kaniuliza baba alikuwa anamwitaje. Nikasema jina, lakini kwa sauti yangu. Simu yake ilikuwa ile ya vibonyezo, haikuweka kitu. Video za mashabiki nimezitazama zote, wakifika hapo wanapiga kelele pamoja naye, anazama." Akaokota kipande cha kitambaa, akakikunja mara nne. "Na bado nina ugomvi naye. Utagombanaje na mtu asiye na sauti? Alhamisi ile nilimpigia pasi shati. Nilimwekea kadi ya hospitali mfukoni kwa mkono wangu. Aende wakampige picha ya kifua, basi. Usiku karudi ananiambia hakwenda, alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri! Alipokuja kwenda ilikuwa miezi minane baadaye, na daktari akauliza mlikuwa wapi. Hilo sijamsamehe, shemeji. Nimemzika nalo."

Nilitazama mfuko wa sukari. Mimi nilijua kwa nini kaka hakwenda.

"Kuna kanda," nikasema, ili tu niseme jambo. "Ile ya karakana. Mle aliimba."

Akainua kichwa. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

*

Kanda ile haimo katika orodha ya kazi zetu. Watu wanaojua Misumari, na wapo, wanajua albamu tatu tulizozitoa wenyewe, kwa jasho letu, bila bwana wa kutusimamia. Wanajua jinsi tulivyolala kwenye gari la mizigo la mpiga besi wetu, bubu wa hiari, anayesema maneno kumi kwa mwaka. Wanajua wimbo wetu mmoja uliopita redioni wiki tatu. Kanda ya karakana waliisikia wachache, na nilihakikisha wanazidi kuwa wachache.

Ilikuwa hivi. Umeme ulikatika mtaa mzima siku tatu, na Alhamisi tulikuwa na onyesho katika ukumbi mkubwa ambao haukuwahi kutufungulia mlango. Koo langu lilikuwa limevimba, natoa sauti ya bata. Kaka akasema tusikae kama waliofiwa. Akachukua magitaa mawili makavu, yale yasiyohitaji umeme, mpiga ngoma akachukua droo iliyojaa misumari na kipande cha mbao, na redio ya betri ambayo kaka alisikilizia mpira ikawekwa juu ya meza ya randa, ikabonyezwa irekodi, ili tusisahau mpangilio wa nyimbo mpya. Kwa kuwa mimi sikuweza, kaka aliimba. Nyimbo tano, mchana mmoja. Maneno yangu, sauti yake.

Mpiga ngoma tulimwita Nyundo. Huyo, bila kuniuliza, alinakili kanda ile mara thelathini na kuzigawa mlangoni siku ya onyesho. Walikuja watu wachache kiasi kwamba nyingine zilimbakia akazigawa mitaani. Baada ya mwezi, nikiwa msalani kwenye ukumbi mwingine, mtu nisiyemjua akaniambia huku akinawa, "Kaka, ile ya droo na misumari ndiyo kazi yenu bora. Yule anayeimba mle mngemwachia aimbe zote."

Niliungua. Nilikuwa nimejifundisha ushairi mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole juu ya magunia ya saruji, na hakuna aliyeniazima hata kina kimoja. Sasa sauti iliyokuwa ikisifiwa haikuwa yangu. Nikamfukuza Nyundo mbele ya wote. Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kama bendi nyingine yoyote duniani imewahi kulifanya: nilizunguka mji kuikusanya kazi yetu wenyewe. Kinyozi, muuza viatu, mwalimu wa hesabu, kila aliyekuwa nayo nilimpa albamu mpya bure naye akanipa kanda. Nilizipata ishirini na tisa. Nikarekodia mazoezi juu yake, zote, na ile ya asili pia, moja baada ya nyingine, nikijisifu kwamba hata kanda hatutupi.

Kaka alinitazama nikifanya hivyo wiki nzima. Alisema neno moja tu: "Mbao ukishaikata, bwana mdogo, hairefuki."

Lakini si kanda yenyewe iliyokuwa ikinitafuna pale kwa shemeji. Mchana ule wa karakana, kati ya wimbo wa tatu na wa nne, nilimwambia kaka maneno fulani. Sikukumbuka kama redio ilikuwa imezimwa au la.

*

Nyundo sasa anaziba magurudumu karibu na kituo cha mafuta. Nilimkuta ameinamia beseni la maji machafu, anazamisha mpira wa ndani na kuuzungusha taratibu, akitafuta mapovu. Hakuinua macho.

"Karibu, Mheshimiwa Mshairi. Una pancha ya gari au ya roho?"

"Nyundo."

"Nyundo nani? Hilo jina ulinivua siku ile pamoja na vijiti vyangu. Hapa naitwa fundi."

"Fundi. Nimekuja kwa ajili ya kanda."

"Ahaa. Ishirini na tisa umezila, hukushiba?"

"Nimekuja kuomba."

"Sema tena, kompresa inapiga kelele."

Kompresa ilikuwa imezimwa. Miaka miwili iliyopita ningelipiga teke beseni lile. "Nimekuja kuomba," nikasema.

"Jamani, njooni msikie!" akawaita wenzake wawili waliokuwa wakinyanyua gurudumu la lori. "Huyu bwana ana neno jipya. Umelitoa kamusi gani hilo?"

Wakacheka. Nikawaacha wacheke. Kisha nikasema, "Si kwangu mimi. Shemeji anataka kumsikia kaka. Kwenye albamu hayupo."

Mkono wake ukatulia ndani ya maji. Povu moja likapanda pembeni ya kidole chake, likapasuka.

"Ungeanzia hapo," akasema. Akaweka alama ya chaki kwenye tundu, akafuta mikono kwenye suruali. "Ninayo. Ila huondoki nayo kabla hujaisikiliza mbele yangu."

Kulikuwa na gari kuukuu la mteja lenye redio ya kanda. Tukaingia tukafunga milango. Ndani kulinuka mpira na petroli. Nyundo akaichomoa kanda kutoka mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya soksi.

Kwanza upepo wa betri, ule mvumo wa redio kabla ya sauti. Kisha kisigino: ko, ko, ko. Kisha yeye.

"Pima, pima, pima, kata."

Nilishika mkanda wa kiti. Sikuwa nimejiandaa kwa jinsi alivyokuwa karibu. Aliimba kama alivyopiga randa, bila haraka, akirudi pale penye fundo. Na maneno yalikuwa yangu, yale niliyoyapigia kelele jukwaani mpaka mishipa ikasimama:

*Msumari haulii, unapogongwa kichwani;*
*Ubao hautulii, ukipasuka mbavuni.*

Mimi huupiga kelele mstari ule wa pili. Yeye aliusema tu, akapumua, na katika pumzi ile ulisikia kitu kikikwaruza kifuani mwake. Alikuwa akikizuia kikohozi mpaka wimbo uishe. Wimbo ulipoisha alikohoa muda mrefu, na misumari ikatikisika ndani ya droo.

Baada ya wimbo wa tatu redio haikuzimwa.

"Jamani, tumalize mazoezi leo," kaka akasema mle ndani. "Alhamisi asubuhi nina hospitali. Mama mtoto anataka kunipigia pasi shati kama naenda kuoa."

Kisha sauti ya bata, yangu: "Alhamisi asubuhi tunafunga vyombo. Hospitali haihami, kaka. Ukumbi ule ukituponyoka hatuupati tena. Wewe kohoa Ijumaa."

Mtu akaburuta kiti. Kisha kaka akacheka, kikohozi kikiwa ndani ya kicheko. "Haya, bwana mdogo. Kifua kitangoja. Nitamwambia nilijisikia vizuri." Ko, ko, ko. "Pima, pima, pima, kata."

Nyundo akaizima.

"Watu wangapi walikuja Alhamisi ile?" akauliza, ingawa alijua.

"Kumi na mmoja."

"Wawili walikuwa walinzi."

"Najua."

"Nimeisikiliza kanda hii zaidi ya mara mia. Siku ya mazishi nilikuja na nia ya kukupiga."

"Kwa nini hukunipiga?"

"Ulikuwa umebeba jeneza upande mmoja na mimi. Ningekupiga lingeanguka." Akaitoa kanda, akaishikilia. "Utakata?"

"Sijui."

"Unajua. Na mshono wako hauonekani, hilo siwezi kukunyima." Akanipa. "Sina nakala nyingine. Ukiiharibu, amekufa mara ya pili."

*

Nilifika chumbani kwangu saa nane mchana. Nikaunganisha waya kutoka redio ya kaka, ile ya karakana niliyobaki nayo, hadi kompyuta, nikaingiza kanda yote, nikaipata sehemu ile. Sekunde ishirini na mbili. Kwenye kioo ilikuwa kama kilima kidogo kati ya milima miwili. Nikaikata. Nikaziba pengo kwa upepo wa betri niliouazima mahali pengine, nikaunganisha. Nikasikiliza. Wimbo wa tatu, kikohozi, kimya kifupi, "pima, pima, pima, kata." Safi. Hata Nyundo asingegundua.

Nilijiambia ninamlinda shemeji. Mjane wa watu, na mtoto wa miaka minne, na mimi ndiye ndugu pekee anayewapelekea sukari. Akijua, nani atamsaidia? Sababu zilikuja zenyewe, zenye mizani na vina, na mimi ni hodari wa vina.

Kisha nikajaribu kurudisha maneno yake bila yangu. Kicheko kile nilikitaka. Nilijua shemeji angekitaka kuliko nyimbo zote tano, maana ndicho kaka alichokuwa akicheka akiingia mlangoni. Lakini "Haya, bwana mdogo" ni jibu. Ukiondoa swali, jibu linaning'inia hewani kama nguo isiyo na mtu. Na "nitamwambia nilijisikia vizuri" haiwezi kubaki peke yake, ingemfanya mwongo bila sababu. Nikajaribu mara tano. Kila nilipojitoa mimi, yeye alitoka pia. Ili nisisikike, ilinibidi nimnyamazishe tena, kama nilivyomnyamazisha katika nyimbo thelathini na tatu, na mara hii akiwa kaburini, mahali asipoweza kuniambia mbao hairefuki.

Nikafuta kazi yangu yote kwenye kompyuta. Nikachomoa kanda, nikairudisha ndani ya soksi.

*

Kesho yake asubuhi nilimpelekea pamoja na redio ya kaka. Mtoto alikuwa kwa jirani. Shati la mteja lilikuwa limekwisha, linaning'inia kwenye msumari.

"Umesafisha?" shemeji akauliza.

"Sijagusa. Kuna mahali..."

"Usinisimulie. Nitasikia."

Akabonyeza. Kisigino kilipogonga alijifunika mdomo. Aliposikia sauti aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa cherehani, akabaki hivyo nyimbo tatu nzima. Mara moja tu alisema, si kwangu, "Hapo anakizuia. Hapo. Namjua."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, mikono kwenye magoti, nikihesabu. Kikohozi kikapita. Kaka akataja hospitali, akataja shati. Shemeji akatabasamu, machozi yakiwa yanamtiririka. Kisha bata akasema maneno yake.

Tabasamu halikuondoka haraka. Lilibaki pale kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Akasikiliza mpaka "nitamwambia nilijisikia vizuri," akasimamisha kanda. Akairudisha nyuma. Akasikiliza. Akairudisha. Mara tatu, kama juzi, isipokuwa sasa alikuwa amekipata alichokitafuta.

"Nilimzika nikiwa nimemkasirikia," akasema.

"Ndiyo."

"Wodini nilimsema. Ana mipira puani, nikamsema mbele ya wagonjwa. Mkaidi, hujali mtoto, umejiua mwenyewe. Na yeye ananitazama tu." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa umekaa upande wa pili wa kitanda."

"Ndiyo."

"Unamenya chungwa."

"Ndiyo, shemeji."

"Ukalimaliza kulimenya."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Shemeji akaichukua sukari niliyoileta juzi, mfuko haujafunguliwa, akauweka karibu na miguu yangu.

"Toka."

Nikasimama. Sikujitetea, kwa mara ya kwanza maishani mwangu ulimi wangu ulijua mahali pake. Nikafika mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa, nikamsikia nyuma yangu.

"Ngoja. Hii mtoto ataisikia. Si sasa, akikua. Atamsikia baba yake anacheka. Na atasikia mtu mwingine anasema kohoa Ijumaa, ataniuliza huyo ni nani. Mimi kinywa changu hakitamtaja. Nani atamjibu?"

Nikageuka. Alikuwa ameikumbatia redio kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyeokoa kitu kwenye moto.

"Mimi," nikasema. "Hata kama kuanzia leo hutaki kuniona, siku utakayoniita nitakuja. Nitakaa mbele yake mchana kweupe, tuisikilize pamoja, nimwambie hiyo sauti ni ya baba yako mdogo, na baba yako alikufa kwa kunistahi mimi. Akinitukana nitakaa. Akiuliza tena nitarudia. Nitamwambia yote, shemeji, nakuahidi. Sitakata neno."